Wenye Kuhesabu Viota Katikati ya Kelele ya Mji

Ndugu msomaji, labda unasoma haya hapa Itebero mbele ya duka, labda uko Walikale au Masisi, labda uko kule ndani ya pori kwenye machimbo, ambako gazeti linafika likiwa limekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa mtu. 

Mwezi huu tunakuletea habari ya watu wenye kazi ya ajabu. Ni watu wazima, wenye akili timamu. Wanasimama chini ya mti katikati ya mji mkubwa. Magari yanapita, pikipiki zinapiga honi, wachuuzi wanaita wanunuzi, na wao wameinua macho juu, daftari mkononi, wanahesabu viota vya ndege. Wengi wao hawalipwi hata franka moja kwa saa zile. Na juma lijalo utawakuta tena chini ya mti uleule.

Ninajua utauliza nini. "Pastori, sisi tunatafuta chakula cha watoto na feza ya masomo, wewe unatuletea habari ya ndege?" Ulizo lako ni la haki. Lakini nivumilie mpaka mwisho, kwa maana habari hii inaanzia juu ya mti huko Uganda na inakuja kuingia ndani ya sufuria yako ya samaki.

MGENI ASIYE NA HAYA

Mji wenyewe ni Kampala. Wafanyabiashara wetu wanaujua, maana vitu vingi vinavyouzwa Goma vinapitia kule. Na ndugu zetu wengi waliokimbia vita wamepata kimbilio katika inchi ile ya Uganda. Ukifika Kampala, kabla hujauliza hata njia, utaona ndege mmoja mkubwa amesimama juu ya taa ya barabara au juu ya paa la jengo, mabega yamepanda, sawa na mzee mwenye koti refu jeusi anayengoja kesi yake iitwe. Kwa Kifaransa anaitwa marabout. Sisi tuseme marabu. Waganda wanamwita kalooli.

Ni wa ukoo wa korongo. Akisimama anafika karibu mita 1 na nusu. Akifungua mabawa, toka ncha mpaka ncha ni zaidi ya mita 2. Kichwa na shingo ni karibu uchi, na hiyo inamfaa, kwa maana anaingiza kichwa ndani ya mzoga, na manyoya yangejaa damu. Chini ya shingo kunaning'inia mfuko wa ngozi. Miguu yake unaiona nyeupe, lakini si rangi yake: anajinyea miguuni ili apunguze joto la mwili.

Basi, huyu si ndege wa kuchorwa kwenye karata ya arusi! Watu wa mji wanamlalamikia kila siku: anachafua magari, anachafua nguo za wapita njia, ananuka. Tena Mkristo anayesoma Walawi sura ya 11 atatukumbusha kwamba korongo yuko kati ya ndege ambao Waisraeli walikatazwa kuwala. Ni kweli. Lakini angalia vizuri: Torati iliyokataza kumla haikuamuru kumchukia. Torati ileile, katika Kumbukumbu la Torati 22, inaweka sheria kwa mtu anayekuta kiota njiani: asimchukue mama pamoja na watoto wake. Mungu aliyekuwa akipanga mambo ya vita, ya mashamba na ya ndoa hakuona haya kuweka sheria kwa ajili ya kiota kimoja kando ya njia.

Zamani marabu alikula porini. Alikula mizoga pamoja na tumbusi, alikula samaki na vyura katika maji yanayokauka, na panzi wanaokimbia moto. Miji ilipokua, akakuta meza nyingine imeandaliwa: mabaki ya machinjio, matumbo ya samaki sokoni, na majalala. Akahamia. Leo anajenga kiota chake cha vijiti juu ya miti mirefu katikati ya majengo. Anataga mayai 2 au 3, anayalalia karibu siku 30, kisha watoto wanakaa ndani ya kiota miezi 3 na zaidi kabla hawajaruka. Njo maana mti mmoja wa mji unaweza kuwa na jamaa juu yake kwa miezi 4 na zaidi, na mwenye kupita chini kila siku akienda kazini asijue kitu chochote, isipokuwa siku ile anaponyewa begani.

KAZI YA SUBIRA

Kuko mtu mmoja ambaye aliinua macho. Jina lake ni Derek Pomeroy, profesa wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Katika miaka ya 1970 alianza kuwachunguza marabu wa Uganda, na maandishi yake makubwa juu yao yalitoka mwaka 1977 na 1978. Mtu mwingine angeishia hapo, akatafuta ndege mzuri zaidi. Yeye aliendelea. Wanafunzi wakaingia kazini pamoja naye. Kuna pia shirika linaloitwa NatureUganda. Wanachama wake na watu wengine wa kujitolea wanatoa asubuhi zao kwenda kuhesabu ndege: wa maziwa, wa mashamba na wa mji. Shirika hilo ni mtoto wa chama cha zamani cha Afrika ya Mashariki cha watu wanaochunguza viumbe, kilichoanzishwa mwaka 1909. Huko Nairobi nako, mama Fleur Ng'weno alianzisha mwaka 1971 matembezi ya kila Jumatano asubuhi ya kuangalia ndege. Kila mwenye nafasi alikaribishwa, mjuzi na asiyejua, na matembezi hayo yaliendelea miaka kwa miaka.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza, lakini ni ngumu kuidumisha. Mtu anachagua miti yake. Kila mara anasimama pahali palepale. Anaandika tarehe, saa, na kama mvua inanyesha ao jua linawaka. Anahesabu viota. Kisha anaangalia kiota kimoja kimoja. Ndege ameketi chini kabisa, hasogei? Labda kuna mayai. Amesimama ukingoni na anainamisha mdomo ndani? Labda kuna watoto. Kiota kimeanguka? Andika. Mti umekatwa? Andika. Hapandi mtini, harushi jiwe, hafukuzi ndege ili waruke apate kuwaona vizuri.

Na siku asipoona kitu, anaandika kwamba hakuona kitu. Hii ya mwisho njo inawashinda wengi. Sisi wanadamu tunapenda kuandika siku za maajabu peke yake. Lakini daftari lenye siku za maajabu tu ni daftari la uongo. Mwenye duka anajua: ukiandika siku ulizouza na ukaacha siku ambazo hukuuza, mwisho wa mwezi hesabu itakudanganya na duka litafungwa.

DAFTARI LILISEMA NINI

Hesabu ya ndege wenye kula mizoga na takataka mjini Kampala inaanza mwaka 1973 na ile iliyoandikwa inafika mwaka 2009. Fikiri kidogo: miaka 36! Katika muda ule Uganda ilipita katika utawala wa Idi Amin, ikapita katika vita ya 1979, ikapita tena katika vita ya msituni iliyoisha 1986. Wakubwa walibadilika, feza ilibadilika, watu walikimbia na kurudi. Na ndani ya daftari, mstari kwa mstari, jambo moja lilionekana: marabu wa mji walikuwa wakiongezeka.

Kisha mwaka 2017 Pomeroy na mwenzake wakatoa habari nyingine, iliyo ndogo kwa kusikia lakini nzito kwa kufikiri. Marabu wa Kampala, kwa kadiri walivyozidi kuwa wakaaji wa mji, walianza kuzaa miezi 4 mapema kuliko zamani. Miezi 4! Ni kama mtu wa Itebero angesema mahindi yanayovunwa mwezi wa kwanza sasa yanavunwa mwezi wa tisa.

Porini marabu anafuata majira, kwa sababu maji yakipungua samaki na vyura wanakusanyika na watoto wanapata chakula. Lakini jalala halina kiangazi wala masika. Limejaa leo, limejaa kesho.

Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwahaya watu wa Yuda kwa mfano wa korongo. Alisema kwamba ndege yule angani anayajua majira yake, lakini watu wa Mungu hawazijui hukumu za Bwana wao. Sasa jiulize nabii angesema nini leo Kampala, ambako korongo amebadilisha majira yake, na sababu yake inakaribia sana yale tunayoyatupa kila jioni nyuma ya nyumba. Sisi hatukujua majira. Na sasa tumemsahaulisha na yule aliyeyajua.

KILIMA CHA KITEEZI

Takataka za Kampala, tangu mwaka 1996, zilipelekwa pahali panaitwa Kiteezi, kaskazini ya mji. Mwaka kwa mwaka ile takataka ikawa kilima. Nyumba za watu zikasogea mpaka chini yake. Juu ya kilima kulikuwa watu maskini wanaochagua plastiki na vyuma vya kuuza, na marabu walijaa pamoja nao, mtu na ndege wakigombea mfuko mmoja.

Tarehe 10 ya mwezi wa nane 2024, kisha mvua nyingi, kilima kile kilibomoka. Kilifunika nyumba na watu waliomo. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30, na watoto kati yao.

Sisi wa Masisi na Walikale hatuhitaji kuelezwa sauti ya kilima kinapobomoka. Tunaijua. Tunajua na ile kazi ya kuchimbua kwa mikono, huku mama anasimama pembeni bila kusema neno.

Lakini nisikilize vizuri, maana nisingependa mtu atoke hapa akisema mchungaji amefundisha uaguzi. Sisemi kwamba marabu walitabiri Kiteezi. Hatusomi ndege sawa na waganga wanavyosoma; na bundi akilia juu ya nyumba yako usiku, anatafuta panya, hakuletei kifo. Msimwue yule maskini. Ninasema jambo jingine. Marabu anakwenda ambako chakula chake kipo. Wakiongezeka yeye na watoto wake mwaka kwa mwaka, maana yake takataka zinaongezeka mwaka kwa mwaka na hakuna anayezipunguza. Hilo si fumbo, ni hesabu. Ndege hatabiri, anashuhudia. Na shahidi anahitaji mtu wa kuandika maneno yake.

MVUVI ALIYEKOSA WATOTO

Tuvuke sasa bahari, tuone shahidi mwingine ambaye kazi yake iko karibu zaidi na mito yetu. Ni tai mvuvi, anayeitwa kwa Kifaransa balbuzard. Yeye hali takataka. Anakula samaki, na karibu samaki peke yake. Anajitupa majini miguu mbele na kumkamata akiwa hai. Wale wa Ulaya wanakuja Afrika wakati wa baridi ya kwao. Kule Marekani wamezoea watu kabisa: wanajenga juu ya nguzo za umeme, juu ya taa za viwanja vya mpira, juu ya minara ya simu katikati ya kelele, na watu wa kujitolea wanagawana viota vya kuangalia, kila mtu na chake.

Lakini kulikuwa wakati ambapo walikaribia kwisha. Karibu na New York kuko kisiwa kinachoitwa Gardiners Island. Mwaka 1948 mtu mmoja, Dennis Puleston, alifika kule na kukuta viota vya tai hao zaidi ya 300. Hakuwa mlinzi wa ndege kwa kazi. Alikuwa na kazi yake nyingine kabisa. Lakini aliwapenda, akawa anarudi mwaka kwa mwaka kuhesabu. Na hesabu ikaanza kumtisha. Viota vilipungua. Ndani ya vile vilivyobaki, mayai hayakuanguliwa. Mengine yalivunjika chini ya mama aliyeyalalia, kwa sababu ganda lilikuwa jembamba mno.

Sababu ilikuwa dawa inayoitwa DDT, iliyonyunyizwa kwenye mabwawa ili kuua mbu. Dawa iliingia katika viumbe vidogo vya majini, ikaingia katika samaki mdogo, samaki mdogo akaliwa na mkubwa, na tai akala mkubwa. Kila hatua sumu iliongezeka. Mwaka 1966 Puleston na wenzake wachache walipeleka jambo hilo mbele ya hakimu, na daftari lake likawa ushuhuda. Mwaka uliofuata, 1967, walianzisha shirika la kutetea mazingira. Mwaka 1972 Marekani ikakataza matumizi ya DDT mashambani. Tai mvuvi wakarudi, polepole, kiota kwa kiota.

Ona, ndugu: mtu mmoja, siku zake za mapumziko, kisiwa kimoja. Angekuwa amehesabu mwaka mmoja tu, asingekuwa na kitu cha kusema mbele ya hakimu. Nguvu yake ilikuwa miaka.

SUFURIA YAKO

Sasa tumefika nyumbani.

Kwenye machimbo ya zahabu kuna watu wanaotumia zebaki, ile wachimbaji wanaita merkire. Wanaichanganya na mchanga, nayo inashika zahabu. Kisha wanaichoma: merkire inapanda kuwa moshi, zahabu inabaki. Moshi ule hauonekani sana, wala haunuki sana, lakini unaingia ndani ya mapafu ya yule anayechoma na ya mtoto anayecheza karibu. Na ile iliyomwagika inashuka mtoni. Ndani ya tope la mto vijidudu vinaibadilisha, inakuwa sumu kali zaidi, inaingia katika samaki. Samaki mdogo, samaki mkubwa, kisha ndege, kisha mtu. Njia ni ileile ya Gardiners Island. Na mama mjamzito akila samaki yule siku kwa siku, sumu inamfikia mtoto tumboni na kuharibu bongo zake kabla hajazaliwa.

Je, ni mambo ya kutishana tu? Katika mji wa Minamata, inchi ya Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini kwa miaka. Kabla waganga hawajatangaza ugonjwa mwaka 1956, samaki walikuwa wakielea wamekufa, ndege wakianguka kutoka angani, na paka wa wavuvi wakitetemeka na kuzunguka-zunguka sawa na wenye kucheza ngoma, kisha wakafa. Paka na ndege walitangulia, kwa sababu walikula samaki uleule waliokula watu. Mashahidi walikuwa wamesimama. Hakuna aliyeandika maneno yao kwa wakati. Maelfu ya watu walipata ugonjwa ule, na watoto walizaliwa nao. Mapatano ya mataifa ya kupunguza zebaki yalikubaliwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, na yaliitwa kwa jina la mji ule: Minamata.

Tena si zebaki peke yake. Hata pahali ambapo hakuna zahabu, tunasafisha mawe ndani ya mto. Maji yanakuwa mekundu sawa na chai ya maziwa. Ndege mvuvi anawinda kwa macho. Asipoona samaki, anahama. Kwa hiyo, yule ndege mdogo wa buluu aliyekuwa akikaa juu ya tawi la kijito chenu na kujitupa majini, unakumbuka ulimwona mwisho lini? Na tai mwenye kichwa cheupe anayelia juu ya mto asubuhi? Kama wamekwenda, usiseme tu "ndege wamekwenda". Uliza maji.

ITEBERO ILIKWISHA KUHESABU

Labda unasema kuhesabu viota ni kazi ya maprofesa na Wazungu. Hapana! Itebero yetu ilikwisha kuifanya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, inchi ingali Zaire, watafiti wa Japani pamoja na wenzao wa kituo chetu cha Lwiro walifanya kazi katika pori la Itebero, wakifuata gorila. Mmoja wao, Juichi Yamagiwa, alikuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 2014.

Gorila wa pori hili anaogopa mtu. Hawezi kusimama umhesabu. Lakini kila jioni anajitandikia kitanda cha matawi na majani, naye asubuhi anakiacha. Njo kusema, mwenye kuhesabu vitanda anajua jamaa ile ina wangapi, na mavi yaliyoachwa kitandani yanamwonyesha mkubwa na mtoto. Na katika pori kama hili mtafiti hawezi kufika kwenye vitanda vile bila wenyeji wenye kujua unyayo na tawi lililovunjika. Ujuzi ule haukutoka Kyoto. Ulikuwa hapa, katika vichwa vya babu zenu.

Kisha vita ilikuja, na mambo mengi yakavunjika. Lakini macho hayakuchukuliwa.

ANZA NA MTI MMOJA

Basi ufanye nini? Ninakupa mambo machache ambayo hayahitaji feza.

Chagua mti mmoja ao kipande kimoja cha kijito, karibu na nyumba. Labda ni mchikichi wenye wale ndege wa manjano wanaosuka viota vinavyoning'inia. Siku moja ya kila juma, saa ileile, mpeleke mtoto pamoja nawe, na mtoto ndiye aandike. Daftari la shule lililobaki kurasa linatosha. Tarehe, saa, viota vingapi, ndege gani, maji yana rangi gani. Usipojua jina la ndege, andika rangi yake na kile anachofanya, kisha muulize mzee jina lake katika luga yenu. Majina yale yasife pamoja na wazee.

Mkatazeni mtoto manati pahali pa viota. Msikate mti wenye viota kabla watoto hawajaruka. Kuni ziko kwingine.

Uwe na hekima. Usisimame na daftari wala darubini karibu na bariere ao karibu na watu wenye silaha. Mwenye bunduki hataamini kwamba unahesabu ndege. Fanya nyumbani, fanya mchana, na majirani wajue unachofanya.

Na kama jamaa yako inachoma zahabu: kamwe isiwe ndani ya nyumba wala jikoni, kamwe isiwe ndani ya sufuria ya chakula, na wenye mimba na watoto wakae mbali. Kuna vyombo vilivyofungwa vyenye kukamata moshi ule; waulizeni wakubwa wa kooperative yenu kama vinapatikana. Mchimbaji, baba yangu, wewe unaweza kuhesabu magramu bila kukosea hata moja. Hesabu na hili.

Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake waangalie ndege wa angani, na alisema Baba anawajua hata shomoro wanaouzwa bei ndogo sokoni (Matayo 6 na 10). Mara nyingi tunahubiri maneno yale ili kumfariji mwenye njaa, na ni vizuri. Lakini kabla ya faraja kulikuwa agizo: waangalieni. Yeye anawahesabu. Sisi tumeambiwa angalau tutazame.

Mwaka ujao, mwezi kama huu, fungua tena lile daftari la mtoto wako. Likiwa na kurasa 52, hata kama nyingi zinasema "leo hatukuona kitu", utakuwa na jambo la kusema mbele ya chefu wa kijiji juu ya maji mnayokunywa.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni ndege gani walikuwa karibu na nyumba yetu miaka 10 iliyopita na sasa hatuwaoni? Waulizeni babu na bibi.
2. Takataka zetu tunazitupa wapi, na nani anakaa chini ya pahali pale?
3. Samaki tunayekula anatoka mto gani, na juu ya mto ule watu wanafanya kazi gani?
4. Someni Yeremia 8 na Kumbukumbu la Torati 22. Kwa nini Mungu alitaja ndege alipotaka kusema na watu?
5. Nani kati yetu atashika daftari juma la kwanza?